Kitambaa Kisichochanika

Karatasi ya kwanza ilichanika kabla sijamaliza kuibandika sakafuni. Ya pili ilidumu dakika tatu. Alipoichana ya tatu, yule binti alipiga sakafu kwa kiwiko, akageuzia uso ukutani, na mimi nikatoka nje nikaanza kuzunguka jengo, kwa maana nikikasirika siwezi kusimama mahali pamoja. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa kwenda mahali. Sasa nina miaka hamsini na sita na bado natembea haraka.

Ilikuwa Jumamosi, huko Kasubi, Kampala, kwenye ukumbi tunaouazima ili watoto wapake rangi. Tunaoendesha shughuli hiyo ni wawili. Mimi ni Mnubi wa Bwaise, na siku nyingine za wiki nauza mashuka ya mitumba katika soko la Owino. Mwenzangu ni mwanamke wa kaskazini aliyestaafu polisi. Watoto humwita Afande, naye huitikia kwa kukunja uso ili wacheke. Sisi kwa sisi tunaongea Kiswahili: yeye alikipata kambini, mimi nilikirithi kwa babu zangu waliokuja na jeshi. Hakuna kati yetu aliyesomea kuchora. Mama yangu alisuka makawa ya kufunikia chakula, ya rangi kali, nyekundu na zambarau na kijani, na kile kidogo ninachokijua juu ya rangi nilikijua kwa kumchagulia ukindu.

Tulianzia uani kwangu, Bwaise. Mvua moja ikaja, maji yakaingia, yakabeba karatasi, makopo na kiatu cha mtoto mmoja, nikasema basi, tupande mlimani Kasubi. Anayetaka anakuja. Wanakuja watoto wa jirani wanaokimbia na kuangusha kila kitu. Anakuja mmoja asiyesikia, ambaye huchora pikipiki tu. Anakuja mmoja asiyeona, na huyo tunamchanganyia rangi na vitu vya kugusa, nyekundu na unga wa mahindi, buluu na mchanga, njano na maranda ya mbao, ili vidole vyake vijue vilipo. Karatasi zetu ni mabango ya uchaguzi. Kura zikishahesabiwa mji mzima unabaki umejaa nyuso, na nyuma ya kila uso kuna weupe safi. Afande husema hiyo ndiyo kazi pekee waheshimiwa hao waliyowahi kuwafanyia watoto.

Lakini bango likilowa linakuwa laini mno, na binti yule mkono wake ulikuwa mzito. Alikuwa na miaka tisa. Tangu kuzaliwa mikono na miguu yake haikumtii. Hukaza, kisha huruka yenyewe. Kutembea hakuweza, kukaa ilikuwa kazi, kwa hiyo alipaka rangi akiwa amelala kifudifudi sakafuni, na sisi tulimfungia kipande cha godoro la sponji kiganjani kwa utepe wa shuka. Kuelewa alielewa yote, kuliko baadhi ya wateja wangu. Maneno yake yalikuwa machache na yalitoka polepole, ilibidi uyangoje, na mimi kungoja si kipaji changu. Aliniita Jjajja, yaani bibi.

Mama yake aliuza viatu vya watoto Owino, njia tatu kutoka kwangu. Ni Muganda, nyumba yake iko chini kidogo ya ukumbi wetu, na Kiswahili chake ni cha sokoni, alichojifunza kwa wanunuzi Wakongo. Huniita Hajati, ingawa Makka nimeiona kwenye kalenda tu. Jumamosi asubuhi alimleta binti mgongoni, akaenda sokoni, akamrudia alasiri. Siku nyingine mtoto alishinda ndani na redio. Haikuwa roho mbaya, hakukuwa na mtu wa kumwachia.

Basi kila Jumamosi watoto wengine walirudi nyumbani na picha zao. Yeye alirudi na vipande. Ilikuwa karibu mwaka, naye alikuwa hajamaliza picha hata moja. Nilimwona anavyozitazama za wenzake zinapotoka mlangoni, na usiniambie mtoto haoni.

Nilijaribu kila kitu. Boksi za katoni zilimkwaruza viwiko. Ubao ulimtoa damu kidevuni. Nilileta shuka langu zuri kutoka sokoni, likajikunja chini yake kama matumbo, akanaswa humo, akalia kwa hasira. Afande aliniambia niache kwanza, nifikiri, haraka haraka haina baraka. Nikamwambia baraka abaki nayo yeye, mimi nilihitaji kitu kisichochanika.

Nilikiona siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimepita Kasubi kulipa shukrani kwa mwenye ukumbi, na njiani pana mzee anayeuza lubugo, kile kitambaa cha Waganda kinachotokana na gome la mti, linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka linapanuka na kulainika. Kilikuwa kimeanikwa juani, chekundu-kahawia kama udongo wa huko, kipana kuliko kitanda. Nilikivuta kwa mikono miwili. Nilikivuta tena kwa nguvu zote. Hakikusema neno.

Mzee aliniuliza ni cha nani. Nikamjibu ni cha mtoto, wa kike, ana miaka tisa. Akachagua kingine, kizuri zaidi, kisicho na kiraka, akakikunja taratibu, akanipa kwa mikono yote miwili huku ameinama, akanipa pole. Nilidhani ananipa pole kwa jua. Nilikuwa na haraka, nikashukuru nikaondoka, na njia nzima nilijisifu.

Sasa nisijifanye mjinga. Mimi nimezaliwa Kampala. Najua Waganda huwafunga maiti wao kwa lubugo, nimekwenda matanga yao, nimeona ndugu wakivileta kimoja kimoja. Lakini pia nimeona kofia za lubugo, mikoba ya lubugo, kadi za watalii za lubugo, na wafu wetu sisi huvikwa sanda nyeupe. Habari hiyo ilikuwa kichwani mwangu, haikuwa tumboni. Afande naye kwao hawana. Tulikuwa watu wazima wawili katika ukumbi ule, na hakuna hata mmoja ambaye mwili wake ungeshtuka.

Jumamosi nilikitandaza sakafuni, tukamlaza binti katikati. Akapitisha shavu lake juu yake kwanza. Kisha akachovya ile sponji kwenye nyekundu, mkono ukakaza, ukaruka, ukakokota, na kitambaa kikakubali. Alitulia kidogo akingoja kusikia ule mchaniko. Haukuja. Akavuta tena. Ninakumbuka nilikuwa nikitembea huku na huku nikipokea makopo, nikamwaga maji, nikamkaripia Afande bila sababu, kwa sababu furaha nayo hainikalishi. Alipaka nyekundu, akaomba njano, akapaka njano, akavingirika akapaka upande wa pili. Sijui ilikuwa picha ya nini na sikumuuliza. Ilipofika saa nane alisema imeisha. Alisema mwenyewe, neno zima, nasi tulilingoja.

Baada ya hapo alichoka akalala palepale, juu ya kitambaa chake, shavu likiwa na rangi ya njano. Manyunyu yalikuwa yameanza, upepo unaingia mlangoni. Pembe moja ilikuwa safi bado. Nikaikunja nikamfunika miguu, nikaivuta mpaka kiunoni.

Mama yake aliingia na mfuko wa viatu kichwani. Mfuko ulianguka. Hakupiga kelele. Alishika mlango, akateremka mpaka akakaa kizingitini, miguu mbele, na kutoka kifuani kwake ikatoka sauti ndogo ambayo sitaki kuisikia tena. Binti akaamka, akamwona mama, akacheka. Ndipo mama alipoinuka. Alimwondolea mtoto ile pembe ya kitambaa kwa ncha za vidole, akamnyanyua, akamfuta shavu kwa nguvu mno, akanitazama.

"Hajati," alisema, "nani alikwambia mtoto yangu amekufa?"

Akamfunga mgongoni, akaenda na mvua, viatu vikabaki vimetawanyika sakafuni. Kitu nilichokuwa nikikijua kichwani kilinishuka tumboni wakati huo, na kilishuka kwa kishindo. Nilifikiria kama mtu angemlaza mwanangu usingizini juu ya sanda, akamkunjia na pembe. Ningemng'oa macho. Nikamkumbuka na yule mzee aliyeinama na kunipa pole, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Afande alitaka tukae tuzungumze. Mimi sikuweza. Nilikikunja kile kitambaa, bado kibichi kwa rangi, nikakitia kwenye gunia, nikapanda pikipiki mpaka Bwaise, na nilipofika kwenye mfereji mkubwa nikamwambia dereva asimame. Mvua ilikuwa imeujaza. Nikatupa gunia zima, nikalitazama linavyokwenda na chupa na maganda ya ndizi. Nilijisikia nimefanya jambo la heshima. Ndivyo nilivyo, aibu ikinikamata hutafuta kitu cha kutupa.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja. Akina mama wengine wanne, wote wa Kasubi, nao hawakuleta watoto wao, habari zilikuwa zimepanda mlima na kushuka. Yule asiyesikia alikuja akachora pikipiki zake. Mimi nilikuwa mlangoni zaidi kuliko ndani. Kila mwanamke aliyepita na mtoto mgongoni nilimfuata kwa macho mpaka akate kona, na Afande akaniambia nitavunjika shingo.

Siku ya Jumanne nilichukua sukari na sabuni na ule mfuko wa viatu, nikaenda kwenye meza ya mama yule Owino. Nilianza kuongea kabla sijafika. Nikamweleza habari ya mabango, ya katoni, ya ubao, ya shuka, jinsi lubugo lisivyochanika, jinsi nilivyomaanisha mema, na kwamba hata mikoba hutengenezwa nalo siku hizi. Nilisema yote hayo nimesimama, nikimwangalia kutoka juu, wateja wakipita katikati yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kale," alisema, yaani sawa, kisha akamgeukia Mkongo mmoja aliyetaka viatu vya shule. Sukari hakuigusa.

Nilirudi kwenye mashuka yangu na hasira. Nilimpigia Afande simu nikamsimulia, nikitumaini ataniunga mkono.

"Wewe haukuomba msamaha," alisema. "Wewe uliandikisha maelezo. Mimi nimechukua maelezo miaka thelathini, naijua."

Nikamkatia simu. Siku mbili sikuongea naye, na siku hizo mbili niliuza vibaya, nikarudisha chenji kwa mtu asiye sahihi, nikagombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia. Nilijua Afande alisema kweli. Majuto ni mjukuu, husemwa huja baadaye, lakini wangu ulikuwa umeshanipanda mgongoni na kunivuta masikio. Nilichotaka si kusamehewa hasa. Nilitaka yule mtoto arudi Jumamosi, maana nje ya Jumamosi hakuwa na kitu, na mimi ndiye niliyemfungia mlango. Nikilala lilikuwa hilo, nikiamka lilikuwa hilo, na kulirekebisha hakukuwa mikononi mwangu.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya adhuhuri, simu ililia. Ni mama yake. Hakunisalimu.

"Kuja nyumbani," alisema. "Na lete ile marangi."

Nilivaa viatu visivyofanana miguuni na sikugundua mpaka Kasubi. Nyumba yao ni chumba na sebule. Mlangoni nilifanya nililopaswa kulifanya Owino. Nilipiga magoti, kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimu, magoti yangu yakalia, nikamsalimu kwa Kiganda chote na sikuongeza maelezo. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka ishirini, na kwetu haifanywi hivyo, mdogo ndiye hujishusha. Aliniacha hapo chini kwa muda. Kisha akasema niinuke, nitaumwa.

Binti alikuwa kwenye mkeka. Kote kumzunguka kulikuwa na karatasi zilizochanika, daftari, gazeti, kalenda, hata bahasha ya kanisa. Mama alisema amekuwa hivyo tangu siku ile. Anaomba karatasi, anaichana, anaitemea mate, anaomba nyingine, hapati usingizi na hamwachi mtu alale. Alisema alidhani nimemroga mtoto, halafu akaona aibu kulisema.

"Jjajja," binti aliniita. Nikakaa chini mkekani. Alivuta pumzi, shingo ikakaza, nikangoja, na kwa mara moja maishani sikumalizia mtu maneno yake. "Yangu... iko wapi?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na nilitamani ardhi inimeze. Wiki tatu nilikuwa nimefikiria aibu yangu na huzuni ya mama yake. Sikufikiria hata kidogo kwamba ile ilikuwa picha. Picha ya kwanza aliyoimaliza tangu azaliwe, nami nilikuwa nimeitupa kwenye maji machafu ya Bwaise ili nijisikie vizuri.

Ningeweza kudanganya. Ningesema iko ukumbini, inakauka. Lakini alikuwa akinitazama kwa yale macho yake yasiyoharakishwa.

"Niliitupa," nilimwambia. "Niliogopa, nikaitupa mferejini. Haipo tena. Nimekukosea sana, mwanangu."

Hakulia. Aligeuza uso ukutani, vilevile kama siku ya karatasi, na mgongo wake mdogo ukaanza kwenda juu na chini. Mimi ndiye niliyelia, na nililia vibaya, bila adabu, kamasi na yote.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba. Akaanza kuongea, kwa Kiganda sasa, bila kututazama. Alisema binti huyu alipozaliwa hakulia, wala hakunyonya. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne bibi yake wa upande wa baba alikwenda akanunua lubugo, kwa sababu kila mtu alimwambia hatapambazukiwa, na hakutaka mjukuu wake aende ardhini bila kitu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alifanya wanayofanya watu. Siku ya tano mtoto akanyonya. Bibi akafa miaka miwili baadaye, akazikwa na malubugo ya wanawe, na kile cha mtoto kikabaki juu ya kabati la chumbani, kwa sababu nani angekitupa, na angekitupa vipi, na nani angempa mtu mwingine. Miaka tisa yeye mama alikuwa akilala chini yake. Kila mara mtoto alipopata homa, alikitazama.

Ndipo akanigeukia, akarudia Kiswahili chake.

"Siku ile kwa ukumbi," alisema, "mi nilifikiri ni hii yetu. Nilifikiri imeshuka yenyewe kwa kabati, imemfuata."

Akaingia chumbani. Nikasikia kiti kikiburutwa. Akarudi na furushi lililofungwa kwa leso iliyopauka, vumbi likimwangukia kwenye nywele, akapiga chafya. Alifungua fundo kwa meno. Kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto wa siku nne. Hakikufika hata urefu wa mkono wangu na nusu, chekundu-kahawia, kimekunjika mikunjo iliyokuwa imekaa miaka tisa, naye akakinyoosha mkekani kwa viganja, mara moja, mara mbili, kama mtu anayenyoosha sare ya shule.

Binti alikuwa amegeuka. Alikitazama kitambaa, akamtazama mama yake.

"Hajati," mama aliniuliza, "ikishapakwa marangi, watu bado wanaweza kuzikia mtu?"

Nilifikiri kwa bidii, kwa sababu alistahili jibu. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, mimi si Muganda, labda tuwaulize wazee.

"Mi ni Muganda," alisema. "Haiwezi."

Akachukua mfuko wangu, akatoa makopo, akayafungua yote kwa kijiko, moja baada ya jingine. Akamfunga mwanawe sponji kiganjani kwa mikono yake mwenyewe, fundo baya, legevu, nami nikauma ulimi nisimrekebishe. Akamvuta taratibu mpaka kifua chake kikawa juu ya kitambaa, mwili ukatokeza pande zote, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo mno kwake. Mtoto akachovya nyekundu.

"Paka yote," mama yake alimwambia. "Usiwaachie nafasi."